Juu ni Wapi?

Mwezi wa tano mwaka 2023 mwalimu wa chekechea ya usharika wetu alikwenda likizo ya uzazi. Baraza la Wazee lilikaa jioni nzima likitafuta fedha za kumlipa mwalimu wa muda, na fedha hazikupatikana. Shida za chekechea za sharika zetu wengi mnazijua: ada ni ndogo, wazazi wengine hulipa kwa debe la mahindi au mzigo wa kuni za kupikia uji, na mshahara wa mwalimu husubiri sadaka. Mwishoni mzee mmoja alisema kwa utani kwamba mchungaji hana kazi Jumanne na Alhamisi asubuhi. Watu walicheka. Mimi nilichelewa kucheka, na kikao kikachukua kimya changu kuwa ni kukubali.

Ndivyo nilivyojikuta, mtu wa miaka arobaini na minne mwenye shahada ya theolojia kutoka Makumira, nimesimama mbele ya watoto thelathini na mmoja wa miaka minne na mitano. Siku nyingine za juma mwinjilisti alizishika. Mama anayepika uji ndiye aliyekuwa msaidizi wetu, na kusema kweli ndiye aliyekuwa mwalimu.

Juma la kwanza niliwasimulia habari za uumbaji kutoka Mwanzo sura ya kwanza, kwa sauti ya mimbarani. Nilipofika siku ya tatu, nusu ya darasa walikuwa dirishani wakitazama mbwa wa jirani. Jioni mke wangu, ambaye anafundisha shule ya msingi, aliniuliza, "Uliwapa nini mikononi?" Nikamwambia sikuwapa kitu, niliwapa Neno. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Wape na kitu, Baba."

Tulikuwa tumefika siku ya nne, mianga ya angani. Alhamisi binti mmoja aliuliza jua linalala wapi. Nilikuwa na jibu la kitabuni tayari mdomoni, lakini nikakumbuka ushauri wa nyumbani na kuwatoa wote nje. Nilichomeka ardhini kijiti cha mpaina kirefu kama mita moja. Kila kengele ilipogongwa, mtoto mmoja aliweka jiwe kwenye ncha ya kivuli. Wakaona wenyewe kwamba kivuli kinatembea na kufupika, na siku ile tulichelewa kuwaachia kwa sababu hakuna aliyetaka kuondoka kabla kivuli hakijageuka. Kiligeuka yapata saa sita na dakika arobaini. Mpishi alidhani saa yangu ni mbovu. Nilimweleza kwamba saa za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita mbali huko baharini, na jua huchukua kama dakika arobaini kutoka kwenye mstari huo hadi kutufikia sisi wa Njombe. Akasema, "Kumbe kila siku tunakula mapema."

Kwa kuwa ulikuwa mwezi wa sita, kivuli cha mchana kilielekea kusini, upande wa barabara ya Songea. Niliwaambia watoto kwamba mwezi wa kumi na mbili kitaelekea Makambako. Hawakuniamini, na sikuwalaumu.

Baada ya kijiti sikurudi nyuma tena. Tulijaza majivu ya jikoni kwenye beseni, tukanyunyiza unga wa mahindi juu yake, tukaangusha mawe kutoka kimo cha kichwa. Kila jiwe lilichimba shimo la duara na kurusha majivu pande zote, na hapo nikawaonyesha picha ya mwezi: mashimo yale yale. Niliwaambia kwamba kule hakuna upepo wala mvua ya kufuta, na kwamba nyayo za watu kumi na wawili waliotembea mwezini kati ya mwaka 1969 na 1972 bado zipo. Mtoto mmoja alikanyaga ndani ya beseni ili naye aache unyayo wake. Mpishi akanikumbusha kwamba unga ule ulikuwa wa uji.

Siku nyingine tulicheza mchezo wa umbali. Dunia ilikuwa mpira wa makaratasi, ule wanaoufunga kwa kamba kuchezea chandimu, na mwezi ulikuwa kiazi mviringo kidogo. Niliwaambia waweke mwezi mahali pake. Wote, bila kuacha hata mmoja, waliuweka karibu na dunia kiasi cha mkono mmoja, na mimi mwenyewe kabla sijasoma ningeuweka hapo hapo. Kisha tukazungusha kamba kwenye mpira mara tisa na nusu, tukaifungua na kuinyoosha, maana huo ndio umbali wa mwezi ukilinganishwa na mzingo wa dunia. Kamba ilivuka chumba na kutoka mlangoni. Mtoto aliyeshika kiazi alisimama nje kwenye ukungu akipiga kelele, "Niko mbali!" Jua sikulijaribu. Kwa mpira ule ningehitaji jua lenye upana wa mita ishirini na moja, lisimamishwe zaidi ya kilomita mbili kutoka pale.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu nilifurahi, na furaha hiyo ilinifanya nisahau kuwa mwangalifu.

Alhamisi ya tarehe 22 Juni tuliziba madirisha kwa mablanketi, tukawasha taa ya chemli na kuiweka juu ya kigoda katikati ya chumba. Taa ni jua. Kila mtoto ni dunia, na pua yake ni Njombe. "Anayesimama kwenye pua yako," niliwaambia, "akitazama juu, anatazama kule pua inakoelekea." Ukiielekezea pua taa, ni mchana. Ukigeuka polepole kwa mkono wa kushoto, taa inasogea pembeni, jua linazama, na ukiipa mgongo ni usiku. Wakawa wanazunguka kama kuku wanaotafuta mahali pa kutaga, wakiimba mchana, jioni, usiku, asubuhi.

Kijana mmoja mdogo alisimama alipofika usiku. Alikuwa na miaka mitano, mkimya, na sweta lililomzidi. Mama yake tulimzika mwezi wa nne, wiki ya pili baada ya Pasaka, na ibada ya mazishi niliiongoza mimi. Alisimama akiwa ameipa taa mgongo, akatazama ukuta mbele ya pua yake, akageuza kichwa kutazama nyuma, kisha akaniuliza:

"Baba Mchungaji, usiku mama anakuwa chini?"

Sikumwelewa mara moja. Nilipomwelewa, mwili ulinisisimka. Mtoto alikuwa amefanya hesabu yake sawasawa. Kama mama yuko juu, kule pua inakoelekea mchana, basi dunia ikigeuka usiku, mahali pale pale panabaki nyuma ya mgongo, chini ya miguu, upande wa pili wa udongo tuliomfukia.

Nilisema, "Tutaongea, mwanangu." Nikamwomba mpishi alete uji kabla ya wakati.

Nani alikuwa amemwambia mama yuko juu? Ni mimi. Siku ya mazishi, baada ya taji za maua, nilichuchumaa mbele yake kaburini, nikaonyesha kidole mawinguni na kusema kwamba mama amekwenda kule juu, anamwona. Nilisema hivyo kwa upendo. Mwezi uliofuata, katika ibada ya Sikukuu ya Kupaa, kidole kile kile kilipanda tena nikiwa mimbarani. Wachungaji tunakitumia sana kidole hicho, na sikumbuki kama kuna siku niliwahi kujiuliza kinaelekea wapi. Lugha yetu yenyewe inatusaidia kutojiuliza: mbingu ni pale ndege wanaporuka, mbingu ni pale nyota zilipo, na mbinguni ni kwa Baba. Mtu mzima husikia maneno matatu katika neno hilo, lakini mtoto husikia moja.

Usiku ule nilifungua sanduku la madaftari ya Makumira. Nilikumbuka kwamba tulifundishwa jambo fulani kuhusu mkono wa kuume wa Mungu, nami nililijibia mtihani na kulisahau. Nilikuta kurasa mbili. Mwaka 1527 Luther alikuwa akibishana na Zwingli juu ya Meza ya Bwana. Zwingli alisema mwili wa Kristo hauwezi kuwa katika mkate, kwa sababu Kristo amepaa na ameketi mkono wa kuume wa Mungu, na mwili hauwezi kuwa mahali pawili. Luther akajibu kwamba mkono wa kuume wa Mungu si mahali. Aliwacheka wanaodhani kwamba huko kuna kiti cha dhahabu na Mwana ameketi kando ya Baba kama wachoraji wanavyochora. Mkono wa Mungu ni uweza wake, na uweza huo uko kila palipo na kitu, hata katika jani la mti. Sulemani alikuwa ameungama jambo lililo karibu na hilo zamani sana, alipoweka wakfu hekalu, kwamba mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile.

Miaka kumi na tano nimekuwa mchungaji wa Kilutheri, na kaburini nilimpa mtoto mbingu ya Zwingli. (Ndugu zetu wa Reformed wanisamehe, kwa kweli hata wao hawaifundishi kwa kidole.)

Katika ukurasa uliofuata nilikuwa nimeandika habari za Johannes Kepler, Mlutheri aliyesoma theolojia Tübingen akitaka kuwa mchungaji, kabla hajapelekwa Graz mwaka 1594 kufundisha hisabati. Ndiye aliyegundua kwamba njia za sayari kulizunguka jua si duara kamili. Mwaka 1577, alipokuwa hajatimiza miaka sita, mama yake alimpandisha mahali pa juu ili aione nyota kubwa yenye mkia iliyotokea mwaka ule. Aliikumbuka maisha yake yote. Mwaka huo huo wa 1577 wanatheolojia wa Kilutheri walikamilisha Kanuni ya Makubaliano ili kumaliza ugomvi wao, na humo fundisho la Luther juu ya mkono wa kuume limewekwa. Kepler alipokua hakuweza kulikubali fundisho hilo la mwili wa Kristo kuwapo kila mahali, na kwa sababu hakutia sahihi, mwaka 1612 mchungaji wa Linz alimzuia kwenye Meza ya Bwana. Hakuruhusiwa tena. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ni halali?" Sijalijibu swali hilo mpaka leo. Fundisho lililonifariji mimi usiku ule ndilo lililomfungia mlango mtu aliyezijua njia za sayari kuliko wenzake wote. Sioni vema kulificha hilo katika kitabu cha kanisa.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa kijana yule. Anaishi na bibi mzaa mama; baba yake anatafuta maisha Dar es Salaam. Nilimkuta bibi akichambua maharage uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Baba Mchungaji. Karibu. Umekuja kwa habari ya mtoto."

Alikuwa amesikia. Nilipoanza kueleza habari za taa na pua, aliniacha nimalize, kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kila jioni mtoto hutoka nje kuangalia nyota ile kubwa ya magharibi, inayowaka kabla ya nyota nyingine. Huipungia mkono, huieleza alichokula, ndipo hukubali kulala. Jumatano iliyopita mwezi mwandamo ulisogea karibu nayo kabisa, na mtoto akasema mama amepata mgeni. Bibi ndiye aliyemwonyesha. Alimwambia, "Ile ndiyo mama yako."

Nilijua nyota ile. Ilikuwa Zuhura, na nilijua pia kwamba si nyota na kwamba haitakaa. Kalenda niliyokuwa nikiitumia kwa masomo ya watoto ilionyesha kwamba tarehe 13 Agosti Zuhura ingepita kati yetu na jua. Kila jioni ya mwezi wa saba ingezama mapema zaidi, na mwanzoni mwa mwezi wa nane ingetoweka. Mtoto aliyempoteza mama mwezi wa nne angempoteza tena mwezi wa nane.

Nilimweleza bibi hayo, kwa upole kadiri nilivyoweza, na nadhani sauti yangu ilikuwa na lawama kidogo. Aliacha maharage.

"Baba Mchungaji, wewe ulimwambia mama yake yuko juu. Aliniuliza juu ni wapi. Mimi nilimwonyesha tu."

Sikuwa na la kusema. Nikamwomba nizungumze na mtoto.

Tulikaa kwenye gogo kando ya jiko. Nilimwambia, "Siku ile kaburini nilikuambia mama yuko juu. Nilikosea. Mama yuko kwa Mungu." Akauliza kwa Mungu ni wapi. Nikamwambia Mungu hana upande mmoja kama taa. Ukigeuka huku yupo, ukigeuka kule yupo, ukiwa mchana yupo na ukiwa usiku yupo. Hakusema kitu. Alisimama, akafumba macho, akazunguka mahali pale pale mpaka akarudi alipoanzia. Kisha akauliza, "Mama ameniona nilivyozunguka?"

Hapa ningeweza kusema ndiyo, na kila mtu uani angefurahi. Nilimwambia, "Hilo sijui. Ninalojua ni kwamba Mungu amekuona, na mama yako ameshikwa na Mungu huyo huyo." Bibi alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Hakupendezwa. Mpaka leo sina hakika kama nilipaswa kuwa mkweli kiasi kile kwa mtoto wa miaka mitano, lakini nilikwisha kumdanganya mara moja.

Tulikuwa na wiki tano hivi. Nikaamua kwamba hata kama nyota ile si mama, haifai itoweke bila yeye kujua inakwenda wapi. Basi mwezi wa saba wote chekechea yetu ilikuwa ya Zuhura. Tuliwasha chemli tena, na mtoto mmoja akapewa kiazi, azunguke karibu na taa, wakati wengine wamekaa mbali kwenye mkeka kama dunia. Kiazi kikiwa pembeni mwa taa, kila mtu alikiona. Kikisogea kati ya taa na mkeka, upande uliomulikwa uliwageukia mgongo, na mwanga wa taa ukawaumiza macho wasikione. Kikatokeza upande wa pili. Niliwaambia upande huo wa pili ni asubuhi. Kijana wetu aliomba awe yeye wa kubeba kiazi, na akakibeba siku zote, hakuna aliyemnyang'anya.

Niliwaeleza pia kwamba Zuhura hauna mwanga wake wenyewe, unamulikwa na jua kama uso wa mtu unavyomulikwa na moto wa jikoni, na kwamba ni sayari yenye ukubwa unaokaribia wa dunia yetu, lakini imefunikwa na mawingu ya tindikali na joto lake ni kama nyuzi 460. Mpishi alitusaidia: moto huo, akasema, unashinda wa tanuri la mikate. Kijana akafikiri sana. "Basi mama hawezi kukaa huko," akasema. "Yeye hapendi joto." Wala hakuhuzunika. Aliongea kama mtu aliyethibitisha jambo.

Maneno yalifika Barazani, kama kawaida, yakiwa yamegeuka njiani. Mzee mmoja, mkulima wa viazi na mtu ninayemheshimu, aliuliza kwa nini watoto wa usharika wanafundishwa kwamba mbinguni hakuna mtu. Niliona nikijibu kwa hoja nitashinda kikao na kumpoteza mzee. Nikamwomba aje Jumanne anishikie taa. Alikuja na koti la ibada. Alishika taa kwa dakika kumi, kisha akaikabidhi kwa mpishi, akakaa mkekani na kuanza kuwaeleza watoto habari za Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo ambacho jina lake limetokana na kulima: jinsi baba yake alivyokuwa akikitafuta jioni upande wa mashariki mvua za masika yetu zinapokaribia, na jinsi usivyoweza kuhesabu nyota zake ukizikazia macho. Aliwaambia pia kwamba tarehe 1 Septemba 2016 alisafiri mpaka Rujewa kuona jua likipatwa, likabaki pete ya moto, na jogoo hawakujua la kufanya. Habari ya mbinguni hakuiuliza tena. Sijui kama niliijibu au aliisamehe tu.

Mwanzoni mwa Agosti nyota haikuonekana. Nilikwenda kwa bibi jioni ya tatu, nikiwa na wasiwasi. Kijana alikuwa anakula ugali na maharage. Aliniambia bila kuinua kichwa, "Imeingia kwenye mwanga."

Nilimshukuru Mungu na kugeuka niage. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, khanga imemfunika mdomo, machozi yanamtoka. Alikuwa akitazama magharibi.

Ndugu msomaji, miezi minne nilikuwa nimemchunga mtoto wa marehemu. Nilichuchumaa mbele yake kaburini, nikalala macho kwa ajili yake, nikafungua vitabu, nikabadili masomo ya chekechea nzima. Aliyezikwa siku ile alikuwa pia binti wa mtu. Huyu mama alimzaa, akamlea, akamuuguza, akamvisha sanda, na baada ya mazishi nilipomtembelea tuliongea habari za mtoto. Nyota ile hakuwa amemwonyesha mjukuu peke yake. Na mimi nilikuwa nimekuja uani kwake na kalenda, nikamwambia tarehe itakayotoweka.

Niliketi chini kando yake, na sikuonyesha kidole popote. Tulikaa mpaka baridi ikatushinda. Aliniambia jina la utotoni la binti yake, ambalo kaburini sikulitaja kwa sababu halimo kwenye cheti cha ubatizo, na akanieleza jinsi alivyokuwa akiogopa ngurumo. Nilipoondoka aliuliza, "Ulisema hiyo nyota itatokea tena asubuhi?"

Nikamwambia ndiyo, mwishoni mwa mwezi, upande wa mashariki, kabla ya jua.

Katikati ya Septemba mwalimu wetu alikuwa amerudi kazini na mtoto wake mgongoni, na mimi nilikuwa nimerudi kwenye kazi zangu za Jumanne na Alhamisi. Alfajiri moja, saa kumi na moja, nilipita kwa bibi kama tulivyoahidiana. Walikuwa wameshaamka. Tulisimama nyuma ya zizi, watatu, tumejifunika mablanketi. Zuhura ulikuwa juu ya milima ya mashariki, unang'aa kuliko nilivyotarajia.

"Ndiyo ile ile?" bibi akauliza.

"Ndiyo ile ile, Bibi."

Mjukuu akaona kazi yake imefika. Akamweleza habari za kiazi, za kupita mbele ya taa, za mawingu na za tanuri la mikate. "Bibi, kule ni moto sana. Mama hayuko kule."

"Najua," bibi akasema. "Niache niitazame tu."

Tukamwacha aitazame. Mashariki kulipoanza kuwa na wekundu kijana akalalamika kwamba miguu yake imekufa ganzi, tukaingia jikoni kuota moto.